Ruta mpya katika klasta: mgeni aingie kimya

Ruta mbili zinapofungwa pamoja zikawa klasta, moja ikifa usiku, kunakucha hakuna aliyejua. Mhasibu anatoa kontro namba kama kawaida, daktari anafungua kumbukumbu za mgonjwa, mwanafunzi wa chuo anapakua vitabu vyake. Iliyobaki imebeba mzigo wote peke yake, na kwa macho ya watumiaji hakuna kilichotokea. Kazi ya klasta ni hiyo. Shida ni kwamba, kwa kuwa mtandao haujakatika, barua ya kuomba kifaa kipya nayo haina wa kuiharakisha, na wiki zinapita taasisi ikiwa haina akiba yoyote.

Akiba isiyoangaliwa ina historia yake katika ukanda huu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulikuwa na majenereta ya akiba, lakini moja halikuwaka lilipohitajika, abiria wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Muda mfupi baadaye waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alimwondoa kazini mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege. Jenereta lilikuwepo. Akiba inahitaji mtu wa kuiwasha siku ambayo haina dharura ili aone kama inawaka.

Mwongozo huu ni wa fundi au ofisa wa TEHAMA aliyepo Musoma, Bunda au Butiama, mwenye jozi ya ruta katika chumba chake cha mitambo na moja imemfia mkononi. Mifano imechukuliwa kwenye vifaa vya Juniper vya familia ya SRX, ambavyo ni ruta na fayawoli kwa pamoja. Cisco, Huawei na Fortinet wana amri zao, ila mpangilio wa kazi haupishani sana: kilicho hai kinalindwa kwanza, mgeni anaandaliwa pembeni, anaingizwa akiwa kimya, na hapewi kazi mpaka mwenzake amtambue.

Mkoa wa Mara una sababu zake za kutaka mpangilio huo ufuatwe bila kuruka hatua. Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Fundi wa Mikocheni, Dar es Salaam, akigundua amesahau moduli ya faiba, anatuma bodaboda. Fundi aliyeko Mwitongo, kile kitongoji cha Butiama alikozikwa Mwalimu Nyerere, akisahau moduli hiyo hiyo anasubiri basi la kesho, pengine la keshokutwa. Kwa hiyo kila kitu kinachoweza kukaguliwa kabla ya safari kikaguliwe kabla ya safari.

Maneno machache kwanza, ili yanayofuata yasomeke. Katika klasta ya SRX ruta mbili huitwa nodi 0 na nodi 1. Zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa viungo viwili. Cha kwanza ni kiungo cha udhibiti, ambacho kwa kawaida hupitisha mapigo ya uhai kila sekunde moja, na mapigo matatu yakikosekana mfululizo mwenzake huhesabiwa ametoweka. Cha pili ni kiungo cha data, kinachobeba taarifa za mawasiliano yanayoendelea ili nodi ikianguka nyingine iendelee pale pale. Kisha kuna makundi ya uongozi. Kundi la 0 ni ubongo wa klasta nzima, na kundi la 1 na kuendelea ni la poti za pamoja, ambazo kwenye mipangilio huandikwa "reth". Kila kundi lina mkuu na msaidizi wake, na si lazima nodi moja iwe mkuu wa makundi yote.

Sasa kazi yenyewe. Hakikisha kwanza kwamba ruta imekufa kweli. Kwenye ile iliyo hai andika "show chassis cluster status". Nodi iliyotoweka itaonyeshwa kwa neno "lost". Neno likiwa "disabled", usikimbilie kufungua skrubu, maana mara nyingi hiyo ni habari ya waya. Kiungo cha udhibiti kikikatika huku cha data kikiwa kizima, nodi msaidizi hujiweka pembeni kwa sekunde 180, halafu hujifunga kabisa ili zisije zikawa mbili, kila moja ikijiona ndiyo mkuu. Waya ukirudishwa, nodi hiyo haifunguki mpaka iwashwe upya, isipokuwa mipangilio iwe na kifungu cha kuirejesha yenyewe. Ni rahisi mno ruta nzima kufungashwa kwenye boksi na kusafirishwa hadi Dar es Salaam kwa kosa la waya wa shilingi elfu chache. Badilisha waya, washa upya, subiri, ndipo uhukumu.

Ikithibitika imekufa, mtafute aliyeiua. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani. Nchi kavu dhoruba hupamba moto mchana na jioni, ziwani usiku. Musoma na Butiama zina jambo la ziada, nalo ni mawe. Majabali yale ya graniti yanayopendeza kwenye picha ni adui wa ethi. Ardhi yenye mwamba haipitishi umeme vizuri, na fimbo ya shaba iliyogonga jiwe nusu mita chini ya udongo ipo kwa jina tu. Mpate mtu mwenye kipimo cha ethi apime. Mafundi wengi wa mawasiliano hulenga omu 5 au pungufu. Angalia pia kama kuna waya wa shaba unaotoka juu ya paa au jengo la pili na kuingia moja kwa moja kwenye ruta. Hiyo ndiyo barabara ya radi. Badala yake ipite faiba, kwani nyuzi zake hazipitishi umeme. Ruta mpya ikifungwa mahali pale pale penye ethi ile ile mbovu, itadumu hadi mvua za vuli tu.

Chagua usiku wa kazi kwa kuangalia kalenda ya watu pia. Butiama haifai kuguswa katika siku zinazoizunguka tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu mwaka 1999, wakati wageni na viongozi wanapomiminika. Halmashauri haifai kuguswa wiki ya mwisho ya Juni, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 na kila mhasibu yuko kwenye mfumo. Hospitali hailali, kwa hiyo pale makubaliano ni ya maandishi: saa ngapi hadi saa ngapi, nani ataandika kwa mkono endapo mfumo utasimama, na risiti zitaingizwa lini.

Hapa wengi huona kazi imeshaeleweka, wakaanza kung'oa nyaya. Bado.

Katika usiku huo chombo kinachoweza kuangusha taasisi ni kile kinachofanya kazi. Kilichokufa kimeshafanya madhara yake. Kwa hiyo mkono wa kwanza uende kwa mzima: chukua nakala ya mipangilio yake, iweke kwenye flashi na kwenye kompyuta nyingine, kisha hifadhi nakala ya dharura ndani ya ruta kwa "request system configuration rescue save". Andika matokeo ya "show version", "show chassis hardware" na "show system license". Kurasa hizo tatu ndizo zitakazoongea na ruta mpya mezani.

Kama nodi mbovu bado inahema na bado ni mkuu wa kundi fulani, hamisha uongozi kwa hiari kabla haijaanguka yenyewe. Kundi la 1 huhamishwa kwa "request chassis cluster failover redundancy-group 1 node 1", ikiwa anayepokea ni nodi 1. Kundi la 0 lina amri kama hiyo, ila halitaki papara: likishahama, kwa kawaida hulazimika kutulia dakika 5 kabla ya kuhamishwa tena. Uhamisho wa mkono pia huacha alama, kwani kipaumbele cha aliyepokea hupanda hadi 255 na kubaki hapo mpaka alama ifutwe. Ifutwe kabla ya kila uhamisho mwingine wa mkono wa kundi hilo, na mwishoni tutaifuta kabisa.

Halafu tafuta neno moja kwenye mipangilio: "preempt". Likiwepo katika kundi la 1, na ruta inayobadilishwa ndiyo yenye kipaumbele kikubwa, mgeni atanyakua uongozi mara tu atakapojiona yuko tayari, saa ambayo fundi bado anafunga skrubu. Liondoe kwa muda. Litarudishwa baada ya majaribio, kama kuna sababu ya kulirudisha. Kwa maoni ya mwandishi, taasisi nyingi ndogo hazilihitaji kabisa. Uongozi ukihama kwa sababu ya hitilafu, ni bora mtu aamue lini urudi.

Na fundi asitegemee mtandao huo huo anaoufanyia kazi. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya Rogers ya Kanada ilikuwa ikiboresha mtandao wake, kichujio kimoja cha njia kikaondolewa kwenye ruta za usambazaji, njia nyingi mno zikamwagikia ruta za kiini hadi zikazidiwa. Zaidi ya wateja milioni 12 walikosa huduma. Wahandisi wenyewe walichelewa kuelewana kwa sababu simu zao zilikuwa za mtandao huo huo, na njia yao ya kuingia kwenye ruta ilipita humo humo. Fundi wa Bunda mwenye laini mbili za simu na waya wa konsoli mfukoni yuko salama zaidi ya wahandisi wale kwa usiku ule.

Ruta mpya imefika. Isipelekwe kwenye raki. Iwekwe mezani, ichomekwe umeme na waya wa konsoli tu, bila waya wowote wa mtandao. Kasi ya konsoli ni 9600. Linganisha na zile kurasa tatu. Modeli iwe ile ile, kadi ziwe zile zile na katika nafasi zile zile, toleo la Junos liwe lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Lisipolingana, lipakie kutoka kwenye flashi sasa hivi, ukiwa umekaa na chai yako. Klasta yenye matoleo mawili tofauti ni chanzo cha matatizo yasiyoeleweka, na kishawishi cha kuipandisha ruta iliyo hai toleo ili ifanane na mpya kikataliwe. Anayebadilika ni mgeni.

Leseni huwapata watu wengi kwa kushtukiza. Kwa vifaa vingi hufungwa kwenye namba ya utambulisho ya kifaa, hivyo leseni ya marehemu hairithiwi kwa kunakili. Iombwe kwa muuzaji pamoja na kifaa, si baada ya kifaa kufika.

Mipangilio ya kiwandani ifutwe yote. SRX ndogo hutoka kiwandani ikiwa na poti zilizopangwa kwa matumizi ya dukani au nyumbani, na mpangilio huo hugombana na klasta. Ukishafuta, weka nywila ya "root", pakia ile nakala uliyoichukua kwa ruta iliyo hai, thibitisha. Matoleo ya karibuni ya Junos yanaweza kumvutia mgeni mipangilio kutoka kwa mwenyeji anapojiunga, lakini fundi mzuri haachi jambo hilo mikononi mwa bahati.

Kisha kuna hatua ambayo hata wazoefu huisahau. Namba ya klasta na namba ya nodi hazikai ndani ya faili la mipangilio. Zinakaa kwenye kumbukumbu ya kifaa chenyewe. Unaweza kupakia mipangilio yote sawasawa na ruta ikaendelea kujiona ni kifaa cha peke yake. Namba hizo huwekwa kwa amri yake, kwa mfano "set chassis cluster cluster-id 1 node 0 reboot", na zinaanza kufanya kazi baada ya kuwashwa upya. Namba ya klasta iwe ile ile ya mwenzake. Namba ya nodi iwe ile ya marehemu, wala isifanane na ya aliye hai. Tena, namba ya klasta ndiyo inayotumika kutengeneza anwani za MAC za poti za pamoja, kwa hiyo klasta mbili zenye namba moja zikikutana kwenye mtandao mmoja wa swichi zitagombania anwani. Taasisi yenye majengo mawili na klasta mbili izipe namba tofauti tangu mwanzo.

Ruta ikiwaka tena pale mezani itajitangaza kuwa mkuu, kwa kuwa haimwoni mwenzake. Usiogope, na usiichomeke popote. Izime kwa utaratibu kwa "request system power-off". Mkulima wa Mara anayemfunga ng'ombe mgeni kwenye nira pamoja na yule aliyezoea jembe haanzi naye katikati ya shamba. Huwatembeza kwanza pamoja bila mzigo. Ruta ile iliyozimwa mezani inakwenda kufanyiwa hivyo hivyo.

Kwenye raki, piga picha kabla ya kugusa. Halafu kila waya uvikwe utepe wa karatasi wenye maandishi ya pande zote mbili: unatoka poti gani, unaishia poti gani. Hapa hesabu inahitaji jicho, maana poti za nodi 1 hubadilishwa majina zikiwa ndani ya klasta. Poti iliyoandikwa 0/2 kwenye bati la SRX300 husomeka ge-1/0/2 kwenye skrini. Ya SRX320 husomeka ge-3/0/2, ya SRX340 na SRX345 husomeka ge-5/0/2. Utepe ubebe majina yote mawili, la bati na la skrini, hasa kama usiku huo kuna mtu Mwanza anayetoa maelekezo kwa simu. Yeye anaona skrini, wewe unaona bati.

Toa umeme wa ruta iliyokufa, ng'oa nyaya zake, na waya wa ethi uwe wa mwisho kutoka. Ruta mpya inapoingia, ethi inakuwa ya kwanza.

Baada ya ethi fuata viungo viwili tu: cha udhibiti na cha data. Katika familia ya SRX300 poti ge-0/0/1 ya kila kifaa ndiyo hugeuka kuwa ya udhibiti. Cha data ni ile uliyoichagua kwenye mipangilio. Nyaya hizo ziende moja kwa moja kati ya ruta na ruta. Ruta zikiwa vyumba viwili tofauti, kila kiungo kipite njia yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja katika maji ya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwenye mikataba zilikuwa njia mbili za kampuni mbili. Chini ya bahari zilipita jirani. Ndani ya jengo la ghorofa moja kosa hilo hurudiwa kwa urahisi: viungo vyote viwili kwenye bomba moja la plastiki, panya mmoja, na klasta imepasuka katikati. Vyote viwili vikikatika kwa mpigo, kila ruta huamini mwenzake amekufa na kila moja hushika uongozi. Swichi huanza kuona anwani moja ikitokea poti mbili, mara huku mara kule, na hapo hata ile nzima haina faida.

Ndiyo sababu nyaya za watumiaji na za mtoa huduma bado ziko sakafuni. Washa ruta mpya ikiwa na viungo viwili hivyo tu. Hata kama umekosea namba au mipangilio, imefungwa mdomo: haina njia ya kuongea na swichi wala na dunia. Ondoka kwenye raki, kaa mbele ya skrini ya ruta ya zamani. Itachukua dakika kadhaa. Ukirudia ile amri ya hali utamwona mgeni akitoka kwenye "lost", akipita kwenye "hold", kisha akitulia kwenye "secondary". Akitokea kuwa "primary" kwenye skrini yake mwenyewe huku mwenzake naye akiwa "primary", zima mgeni mara moja na uangalie kiungo cha udhibiti na namba ya klasta.

Kuwa msaidizi hakutoshi. Tazama safu ya kipaumbele. Ikiwa ni 0, mgeni yupo lakini hajawa tayari, na uongozi haupaswi kwenda kwake. Safu ya hitilafu itakueleza sababu kwa herufi mbili. CS inamaanisha bado ananakili taarifa za mawasiliano yanayoendelea, kwa hiyo mpe muda. CF ni mipangilio isiyolingana. IF ni poti inayofuatiliwa ambayo haina waya, na kwa sasa hilo unalitegemea kwani nyaya hujazichomeka. Pitia pia "show chassis cluster statistics" mara mbili, kwa kuachanisha kidogo. Mapigo yaliyotumwa na yaliyopokelewa yote yawe yanapanda. Yanayotumwa yakipanda na yanayopokelewa yakisimama, waya unapitisha upande mmoja.

CS ikishatoweka, chomeka nyaya za watumiaji, mmoja mmoja. Baada ya kila waya, angalia "show chassis cluster interfaces" na usubiri kidogo kabla ya unaofuata. Mtu mmoja awe kwenye kompyuta ya ofisini akiwa na video inayoendelea au faili kubwa linalopakuliwa, ili akwambie kwa sauti kama kuna kilichokwama. IF nayo ikiondoka, kipaumbele kitapanda hadi namba iliyo kwenye mipangilio.

Kazi ambayo wengi huiacha kwa sababu ni saa nane za usiku na kila mtu anataka kulala ni kujaribu. Ruta ambayo haijawahi kushika uongozi ni lile jenereta la Nairobi. Hamisha kundi la 1 liende kwa mgeni, ukiwa na "ping" inayotembea kwenye dirisha la pili. Pakiti moja mbili zikipotea si hoja. Zikiendelea kupotea, rudisha uongozi kwanza, uliza maswali baadaye. Mara nyingi utakuta swichi upande wa mgeni haijapewa VLAN zile zile, kosa ambalo halionekani mpaka kazi ihamie huko. Mgeni akiweza kundi la 1 kwa nusu saa, mjaribu kwa kundi la 0, subiri zile dakika 5, urudishe. Fungua mfumo halisi, si Google tu. Toa kontro namba ya majaribio, fungua kumbukumbu za hospitali, ingia kwenye mfumo wa mapato wa halmashauri. Kuna njia zinazopita sehemu maalumu ya fayawoli ambazo ukurasa wa Google hauzigusi.

Ukiridhika, futa alama za uhamisho wa mkono kwa "request chassis cluster failover reset redundancy-group 1", kisha kwa kundi la 0. Ukisahau, kipaumbele cha 255 kitabaki pale, na yule atakayekuja kuangalia mwezi ujao atadhani kuna mtu anafanya kazi. Chukua nakala mpya ya mipangilio. Badilisha namba ya kifaa kwenye rejista ya mali, kwenye mkataba wa matengenezo na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa raki.

Imebaki ruta iliyokufa, na haifai kuachwa kwenye kona ya stoo. Ndani yake mna nywila, anwani za ndani, funguo za njia za siri kwenda makao makuu. Kama inawaka hata kwa shida, ifute kwa "request system zeroize" kabla haijatoka chumbani. Kama haiwaki kabisa, mweleze muuzaji kwa maandishi kwamba hifadhi yake haijafutwa na udai uthibitisho wa jinsi itakavyoharibiwa. Taasisi zenye taarifa nyeti huomba kubaki na hifadhi hiyo na kurudisha sanduku tupu, jambo la kukubaliana wakati wa kununua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hospitali au halmashauri ndiyo inayowajibika kwa taarifa za watu wake hata kifaa kikiwa njiani ndani ya basi.

Mwisho, andika kwenye kalenda ya ofisi tarehe ya kuhamisha uongozi tena kwa makusudi, mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na kabla ya mvua za vuli. Andika na jina la atakayefanya.